Muigizaji asikilize kwanza

Ninyi mliohama makao yenu katika Masisi na Walikale, leo naandika juu ya mchezo wa kuigiza.

Kwetu mchezo huo si wa kuchekesha tu. Vijana wanacheza sokoni, uwanjani au kati ya mahema, wakionyesha ugomvi wa shamba, au mwenyeji na mhamaji wakigombania maji. Mtazamaji anaweza kusimamisha mchezo, akaingia katikati na kuonyesha yeye angefanya nini. Njia hiyo ilianzishwa na Augusto Boal wa Brazil katika miaka ya 1970, na hapa Kivu ya Kaskazini imekuwa ikitumiwa kupatanisha watu.

Kwa kazi yangu ya habari, nimekaa pembeni mara nyingi vikundi vikichagua waigizaji. Wengi wanakuja na sauti nzuri na maneno waliyoshika kichwani. Lakini mwenzao anaposema, wao wanangoja amalize tu. Midomo inatikisika kimya, wanatafuta zamu yao.

Siku moja walipimwa na mchezo wa mama mhamaji anayeomba kipande cha shamba. Aliyecheza mama aliacha maneno ya karatasi, akasema polepole: "Watoto wangu wamelala bila kula." Kijana wa kwanza, akiwa mwenye shamba, alijibu kwa kelele yaleyale aliyoyashika. Binti aliyemfuata alinyamaza kidogo, akauliza: "Wako wangapi?" Swali hilo halikuandikwa popote. Ndiye aliyechaguliwa.

Jambo hili ni kubwa kwetu. Mhamaji ameulizwa mara nyingi: jina, kijiji, idadi ya watoto. Anaujua uso wa anayesikia na uso wa anayeandika tu. Muigizaji akijifanya anasikiliza, watu watamtambua upesi. Pengine watacheka, lakini hakuna atakayesimama kuingia mchezoni. Na kama hakuna anayesimama, ugomvi wa shamba unabaki palepale.

Kwenye redio ni vilevile, ingawa uso hauonekani. Msikilizaji anasikia kama jibu limetoka kwa neno la mwenzake au kwa karatasi. Tena wengi wetu tunawaza kwa Kihunde, Kinyanga au Kinyarwanda, ndipo tunasema kwa Kiswahili. Mtu akikawia kidogo, anatafuta neno. Anayemkatiza anakosa neno lenyewe.

Kijana unayejiandaa kupimwa, soma maneno ya mwenzako kwa bidii kama unavyosoma yako. Akisema, mtazame, na ngoja neno lake likufikie kabla ya kujibu. Akibadili, badilika naye. Mazoezi hayadai pesa: jioni kaa na bibi yako akusimulie njia mliyopita mkikimbia. Akinyamaza katikati, usimmalizie.