Vidole Viwili

Ndugu zangu wa Moshi,

Jumamosi nilimpeleka mwanangu wa miaka 9 kwenye bustani ya michezo hapa Uingereza. Kuna kigari kinachokimbia kwenye reli na kuwageuza watu miguu juu. Njia nzima alikuwa akikitaja hicho tu. Tukapanga foleni karibu saa nzima. Mlangoni pana ubao wenye alama ya sentimita 140. Kijana wa zamu akamsimamisha pale, akamwambia ashushe visigino, akamwekea kiganja utosini. Vidole viwili vimepungua. Hapandi.

Niliwaka. Nikabembeleza kama tunavyombembeleza konda wa Marangu. Wapi! Akanionyesha kiti: chuma kinashuka mabegani na kujifunga, ila mwili mfupi hakiushiki, kigari kikipinduka, mtoto anachomoka. Nikanyamaza.

Huku mtoto hupimwa hata kwa safari ya dukani. Kwenye gari la nyumbani, sheria inamtaka akae kiti cha watoto mpaka afikishe miaka 12 au sentimita 135, lolote litakalotangulia, maana mkanda wa mkubwa humpita mfupi shingoni.

Sasa niwaseme. Desemba nilisimama barabarani Kilema, bodaboda ikateremka na watoto wanne wa shule. Mdogo kabisa alikuwa juu ya tenki, sweta limemfunika viganja, amesinzia, paji la uso limegusa dashibodi. Nanyi mkampungia dereva mkono, mkamwambia awahi kengele. Jamani!

Msiniambie kupima watoto ni mambo ya Wazungu. Wazee wetu walimpitisha mtoto mkono juu ya kichwa; asiposhika sikio, darasa la kwanza alisubiri. Hata mlima wetu, aliye chini ya miaka 10 haruhusiwi kupanda hadi kilele cha Uhuru. Kumngoja mtoto akue tunajua sana. Bodaboda tu ndiyo tumeisamehe.

Basi sikieni. Ambaye miguu yake haijafika kwenye vikanyagio asipande. Anayefika akae nyuma ya dereva, peke yake, na kofia ngumu inayomtosha, imefungwa kidevuni. Wa chekechea aamshwe mapema, ashikwe mkono na dada zake, watembee. Masika yakianza, wazazi wa kitongoji wachangie gari aina ya Noah. Mchango wa wapwa zangu nitautuma mimi kila mwezi.

Na yule mdogo wa kwenye tenki, naomba Jumatatu asipandishwe.