NILISEMA NIMEIZIMA

Munajua kwamba hapa kwetu Bukavu umeme unaenda na kurudi namna unavyotaka. Kwa hiyo Papa alinunua paneli moja ya jua na bateri moja ya volti 12, amperi-saa 100. Inawasha taa, inajaza telefone, na tangu mwaka jana inabeba pia ordinateri ya mezani, ya okazioni. Usiku konvertiseri haizimwi, sababu ya taa ya inje. Mimi ndiye mkubwa wa watoto, basi kazi ya kuzima ordinateri kila mangaribi ilikuwa yangu.

Mama anaamka saa kumi ya usiku kukaanga mikate ya kuuza. Siku moja taa ikazimika, naye angali na mafuta ya moto mbele yake. Kesho yake vilevile. Papa akauliza: «Nani anacheza na mashini usiku?» Nikajibu: «Mimi niliizima.» Macho yote yakaenda kwa mdogo wangu, kwani anapenda michezo. Akalia: «Papa, haiko miye!» Akakatazwa kuigusa juma mbili.

Sasa niungame. Nilikuwa nimefinya Arrêter, ni kweli, na kioo kikawa cheusi. Lakini nilisikia vantilateri ikizunguka ndani, na taa yake ndogo ilikuwa ingali inawaka. Nikafikiri itajizima yenyewe, nikaenda kulala. Mdogo wangu alipokuwa analia, nilikumbuka sauti ile. Nikanyamaza.

Fundi mmoja akaomba dola 30 abadilishe kipande. Hatukuwa nazo. Nikamwendea mwalimu wa informatiki. Aliniuliza neno moja tu: «Ukichagua Redémarrer, inafanya ginsi gani?»

— Inajizima na kuwaka tena sawasawa, Mwalimu.

— Basi mashini haiko mbovu. Ile namna ya kuzima njo iko na shida.

Alinieleza hivi. Tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, kuna mpango unaoitwa démarrage rapide, ni kusema kuanza mbio. Ukifinya Arrêter, programu zako zinafungwa, lakini kiini cha mfumo hakifungwi. Kinaandikwa kwenye disiki na kulala, ili kesho kiamke upesi. Kama programu ndogo inayoongoza kipande fulani inakataa kulala, kioo kinazimika lakini moto unabaki ndani. Redémarrer haipiti njia ile. Inafunga yote kabisa. Kungʼoa waya kila siku pia si dawa, kwani siku moja utakata wakati disiki ingali inaandika.

Mangaribi nilijaribu. Nilifinya Maj kwenye klavye, na bila kuiachilia nikachagua Arrêter. Vantilateri ikanyamaza, taa ndogo ikazimika. Kumbe ilikuwa kweli! Kisha niliingia Panneau de configuration, halafu Options d’alimentation, mahali pa kuchagua kazi ya kidude cha kuzimia, nikaondoa alama mbele ya démarrage rapide, nikahifadhi. Ni hiyo tu, na bila franka hata moja.

Kesho yake Mwalimu alinifanyisha hesabu. Tuseme ilikula wati 50. Kwa saa 10 ni wati-saa 500. Bateri nzima iko na 1200, na ya namna ile haifai kushushwa chini ya nusu, ni kusema tuko na 600 tu. Kati ya hizo, 500 zilikuliwa na mashini ambayo nilisema nimeizima.

Nilimwambia Papa yote. Hakunipiga. Alisema: «Usiniambie mimi. Mwambie yeye.» Mdogo wangu akaniuliza: «Yaya, ulisikia?» Nikasema: «Nilisikia.» Alikaa siku mbili bila kunisalimu, na sikuweza kumlaumu.

Leo mashini inachelewa kidogo kuamka, lakini Mama anakaanga mikate yake kwenye mwangaza. Mdogo wangu njo anaizima sasa. Anaweka mkono juu ya sanduku lake, anangoja lipoe, ndipo anaenda kulala.

Ninyi pia, ndugu, ngojeni taa ndogo izimike. Na kama mumesikia kitu, museme mbele mwingine hajalipa deni lenu.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano