Hata Afya Yangu Inahesabika

Nilipohamia Denmark kumfuata mume wangu, nilipewa nambari ya CPR: tarakimu kumi, sita za mwanzo zikiwa tarehe yangu ya kuzaliwa. Kila mkazi anayo. Utaratibu huo ulianza mwaka 1968. Sikuipenda. Kwetu Tanga nilizoea daftari la hospitali ninalolitunza mwenyewe kabatini, na maradhi yangu nikamweleza nimtakaye. Huku nikilazwa imeandikwa, nikiandikiwa dawa imeandikwa, yote chini ya nambari hiyo. Nilihisi ninachunguzwa.

Kisha baba mkwe akaanza kudondosha vikombe. Ulianza mkono, ukafuata mguu, mwisho ulimi. Ilikuwa ALS: neva zinazoendesha misuli hufa, na wagonjwa wengi hawamalizi miaka mitano tangu dalili zianze. Akili yake haikuguswa. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma tangu ujana, na alipokuwa bado anaweza kusema alirudia swali moja: ni kazi yangu iliyoniletea haya?

Daktari hakumdanganya. Ugonjwa huu huwapata takriban watu wawili kati ya laki moja kwa mwaka, alisema, hivyo hakuna hospitali moja inayoona wagonjwa wa kutosha kujua chanzo. Lakini Denmark ina rejista ya waliolazwa hospitalini tangu 1977, na mfuko wa pensheni wa ATP una kumbukumbu za ajira tangu 1964. Watafiti huziunganisha kwa nambari zilizofichwa, kisha kila mgonjwa wanamlinganisha na watu wa umri na jinsia yake wasiougua: nani alifanya kazi gani, miaka mingi kabla ya dalili? Hivyo ndivyo walivyochunguza madini ya risasi, moshi wa dizeli, hata utumishi wa jeshini.

Wasiougua! Neno hilo ndilo lililonigeuza. Mimi niliye mzima nami nimo katika hesabu, na bila watu kama mimi maelezo ya mgonjwa hayana cha kulinganishwa nacho.

Kwa utafiti wa rejista pekee sheria haidai niombwe ruhusa. Kwa hiyo nadai ulinzi mkali, na anayechungulia faili la mtu bila haki aadhibiwe. Lakini sitaki tena nambari yangu iondolewe.

Baba mkwe alifariki bila jibu. Shemeji yangu bado anachomelea vyuma katika karakana ileile, na jibu hilo nalitaka limfikie yeye.