Kwanza Nenda Kwake

Nashuhudia jinsi Mungu alivyonivusha katika ugomvi na mwanakwaya mwenzangu, dada niliyekuwa nakula naye sahani moja.

Nilikuwa mweka hazina wa kwaya usharikani kwetu, mkoani Kagera. Tulichanga fedha za kurekodi albamu, studio ikapandisha bei, kazi ikasimama. Yeye akaanza kunong'ona kwamba fedha nimezila. Stakabadhi zote nilikuwa nazo, na fedha zilikuwa benki, lakini nani aliuliza? Nikiingia mazoezini watu wananyamaza. Siku moja mwanangu alirudi kutoka shule ya Jumapili akaniuliza kama ni kweli mama yake ni mwizi wa sadaka. Hapo nililia.

Mmoja alinishauri nimshtaki kwenye kamati ya kwaya. Mwingine alisema nihame usharika. Wengi waliniambia nimwachie Mungu. Neno hilo ni jema, ila makanisani kwetu mara nyingi linakuwa ruhusa ya kununiana huku tukishiriki meza moja ya Bwana. Usingizi ulinipaa. Hata kuimba nikashindwa.

Kulikuwa na bibi mmoja, mzee wa kanisa, aliyelelewa katika ule Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukaingia Bukoba katika miaka ya 1930. Watu wa Uamsho walizoea kufuatana majumbani kupatana. Akaniuliza, "Mwanangu, mwenyewe umeshaongea naye?"

Akanifungulia Mathayo 18, kuanzia mstari wa 15. Pale Yesu anamtuma aliyekosewa aende kwa mkosaji, wakiwa wawili tu, kabla kanisa halijasikia lolote. Niliona si haki. Niumizwe mimi, na safari iwe yangu? Bibi akanieleza kwamba faragha ile inamsitiri mkosaji, na mtu aliyesitiriwa anaona njia ya kurudi. Aliyekwisha kuaibishwa mbele za watu atatetea uongo wake mpaka mwisho.

Nilikwenda. Alinipa chai, akakana kila kitu.

Mstari wa 16 unaagiza kuchukua mtu mmoja au wawili, kwa msingi wa sheria ya mashahidi iliyomo katika Kumbukumbu la Torati 19:15. Tulirudi na bibi pamoja na mwalimu wa kwaya. Stakabadhi zikasomwa moja baada ya nyingine. Dada yule akainama, kisha akasema mumewe amepoteza kazi, na mchango wake aliukopa. Aliogopa kwamba fedha ile imepotea. Tuliomba pamoja. Baadaye, bila kulazimishwa na mtu, alisimama mbele ya kwaya akanisafisha jina.

Sisemi urafiki wetu umerudi kama zamani. Tunasalimiana, tunaimba sauti moja, na uaminifu unajengeka taratibu. Paulo na Barnaba waliachana kwa ugomvi juu ya Marko, tunasoma katika Matendo 15, na miaka ikapita kabla Paulo hajaagiza, katika 2 Timotheo 4:11, kwamba Marko huyo huyo aletwe kwake.

Ndugu yangu, kama yupo mtu unayemkwepa kanisani, usianze kwa kulipeleka jina lake kwenye kikundi cha maombi. Nenda kwake wiki hii, peke yako.