Kwa Baiskeli toka Kasongo hata Kabambare

Tulitoka Kasongo alfajiri kwa baiskeli, tukaelekea Kabambare, upande wa mashariki, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Motokaa hatukuiona, pikipiki mbili tu zilitupita. Njia ya changarawe isiyo na kelele ni tamu kweli, lakini kwa mgeni asiye na mzigo. Tulimkuta mzee mmoja akisukuma kinga yake, ndivyo waitavyo baiskeli huku, imefungwa madumu ya mawese pande zote.

“Mzee, mbona hupandi?”

“Nikipanda mimi, mawese yatakaa wapi?”

Mwaka 1870 Livingstone alikaa Kabambare miezi mingi akiugua vidonda vya miguu. Tukatazama miguu ya mzee: kandambili zilizoshonwa kwa waya. Kwenye mwinuko tukashuka, tukamsaidia kusukuma.