Ukipita Ilesi, usikose kuona vyungu

IWAPO unasafiri kutoka Kisumu kuelekea Kakamega, usisinzie garini. Kabla ya kufika mjini Kakamega utapitia Ilesi. Wengi hupajua kwa lile jiwe kubwa linalotiririka maji, ambalo watu huliita jiwe linalolia. Lakini kando ya barabara kuna jambo jingine: mitungi ya maji, vyungu vya kupikia na vya kupandia maua, vimepangwa safu kwa safu.

Shuka uone kazi yenyewe. Udongo huchimbwa, ukaondolewa mawe na mizizi, kisha ukakandwa mpaka ulainike. Katika ufinyanzi wa jadi wa Magharibi mwa Kenya, udongo huweza kuchanganywa na vigae vilivyopondwa, ili chombo kisipasuke kikichomwa. Hivyo hata chungu kilichovunjika hakitupwi. Mfinyanzi huviringa udongo kama kamba, akaupanga duara juu ya duara na kuulainisha kwa mkono. Chombo huachwa kikauke polepole, maana kikiharakishwa hupasuka. Mwisho huchomwa kwa kuni na nyasi.

Huenda mwanafunzi akauliza: mbona maji ya mtungini huwa baridi bila friji? Mtungi una vitundu vidogo mno. Maji hupenya hadi nje, na yanapogeuka mvuke huondoa joto la yale yaliyobaki ndani.

Wahenga walisema, mfinyanzi hulia gaeni. Msemo huo ungali na ukweli. Kuni hazipatikani kwa urahisi, sufuria na ndoo za plastiki zimejaa madukani, na kijana asiyeona faida hatakaa kujifunza. Mikono ya wazee ikinyamaza, nani atawafunza wajukuu? Hata hivyo udongo una heshima yake. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, hufinyanga kwa mikono bila gurudumu, na kazi zake zimo katika majumba ya makumbusho ya Uingereza na Marekani.

Basi ukifika Ilesi na watoto, waache waulize maswali, kisha ununue japo mtungi mmoja. Kabla ya kuomba upunguziwe bei, kumbuka siku zilizotumika kuutengeneza. Na ukifika nyumbani usiuweke kabatini kama pambo. Utie maji, mnywe.