Boya na Mwenye Magongo

Ukitaka kuona watu wanavyokushangaa, waambie kwamba wewe mwenye magongo unapenda kuogelea. Mimi nimekwisha kuzoea. Polio ilinipata nikiwa na umri wa miaka mitatu, kwetu Kisarawe, na tangu hapo mguu wangu wa kushoto haukukua kama mwenzake. Sasa naishi Kibaha, ni fundi cherehani, nina watoto wakubwa, na kila nikisema kwamba Jumapili nakwenda baharini, jirani huniuliza, "Kufanya nini tena, mama?" Kwao, bahari ni ya wenye miguu miwili.

Sisi wa Kibaha na Kisarawe hatuna bahari yetu. Zamani Mkuranga ilikuwa sehemu ya Kisarawe, na pwani ilikuwa yetu. Ilipomegwa, ilikwenda na ufukwe wake. Mto tunao, Ruvu, lakini una mamba na viboko, na wenye akili huchota maji na kuondoka. Basi mtu anayependa maji hupanda gari kwenda Bagamoyo au Dar es Salaam.

Ndugu msomaji, nikueleze kwa nini najisumbua. Nchi kavu, kila hatua nailipia kwa bega na kiganja. Lakini mtu akisimama kwenye maji yanayomfika shingoni, maji humbebea karibu sehemu tisa za kumi za uzito wake. Hapo magongo hayana kazi. Naweza kugeuka na hata kwenda kinyumenyume, jambo ambalo barabarani silithubutu. Huo ndio uhuru ninaoujua, na hauhitaji hotuba.

Kazi ipo kwenye boya. Boya nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya mwili ambao miguu yake ni mizito kuliko kifua. Mguu uliokauka kwa polio ni mwepesi, hupanda juu ya maji wenyewe. Mvalishe mtu kama mimi pete ya mpira kiunoni, miguu itainuka na uso utainama majini. Kitu kilichokusudiwa kumwokoa kitamzamisha. Aliyekatwa mguu mmoja naye mwili wake hutaka kupinduka, kwa sababu pande mbili hazilingani uzito. Kwa hiyo swali la kwanza si boya lina ukubwa gani, bali linambeba mtu wapi. Kwa wengi wetu linatakiwa kubeba kifua na kushika shingo kwa nyuma.

Kuna bwawa moja ambako kijana wa mlangoni aliniamkia vizuri, kisha akasema siwezi kuingia kwa ajili ya usalama wangu. Nilipobishana naye, akaniletea pete ya mpira. Nilimshukuru, nikaikataa, nikarudi nyumbani na nauli yangu imekwisha kuliwa.

Huko Nungwi, Unguja, wasichana wa Panje Project wamefundishwa kuogelea wakikumbatia madumu matupu ya plastiki. Ni akili nzuri. Dumu la lita tano lililofungwa vizuri linaweza kuinua karibu kilo tano, na halina gharama. Lakini dumu linataka mikono yenye nguvu ya kushika. Mtoto ambaye vidole vyake havimtii, dumu litamponyoka mara moja.

Mtoto wa namna hiyo ndiye aliyeniletea mtihani. Mama mmoja wa Kisarawe, ambaye namshonea tangu alipoolewa, ana mwana mwenye mtindio wa ubongo. Alikuwa na miaka tisa. Binamu zake walikuwa wanakwenda Bagamoyo siku ya Idi, naye alilia aende. Mama yake akaniletea mto wa zamani akasema, "Dada, nishonee boya. Wewe ni fundi, na maji unayajua."

Mto ule ulikuwa wa sufi. Misufi tunayo huku, na si ajabu mama yule kuwaza hivyo, kwani makoti ya kuokolea ya zamani yalijazwa sufi hiyo hiyo. Uzi wake una uwazi ndani na nta juu, na sufi kavu inaweza kubeba kama mara thelathini ya uzito wake. Lakini mfuko wake ukitoboka na sufi ikashindiliwa, hunywa maji na kuwa mzigo. Nilimwambia, "Gauni likifumuka utaona aibu. Hili likifumuka utazika." Sikulishona.

Badala yake tulikwenda mitumba ya Karume tukatafuta koti la kuokolea la watoto, lenye kola nyuma ya kichwa na sponji nyingi kifuani. Tuliangalia namba iliyoandikwa ndani: 50 ni msaada kwa anayejua kuogelea, kuanzia 100 koti hukusudiwa kumgeuza mtu uso juu, ingawa halitoi ahadi kwa kila mwili. Tulichagua lenye mkanda wa kupita katikati ya mapaja, maana bila huo koti hupanda mpaka masikioni na mtoto hushuka chini yake.

Mama akadhani sasa atakaa mchangani. Nikamkatalia. Yule James McMillan aliyeanza kuwafundisha wasichana walemavu wa shule ya Halliwick, London, mwaka 1949, hakutumia maboya kabisa. Kila mwanafunzi alikuwa na mtu wake majini, mpaka mwili ujifunze kujituliza wenyewe. Sikubaliani naye moja kwa moja, kwa kuwa si kila nyumba ina mtu wa kutoa. Lakini kwa mtoto asiyeweza kuinua kichwa akigeuzwa na wimbi, koti ni msaidizi wa mkono.

Siku ya Idi mama aliingia na gauni lake mpaka kiunoni, mkono mmoja chini ya kisogo cha mwanawe. Maji ya Bagamoyo yalikuwa ya vuguvugu. Baada ya muda mikono ya mtoto, ambayo siku zote hukunjwa kifuani, ilifunguka. Binamu zake wakaja kumzunguka na kumrushia maji, naye akawa anapiga kelele kama wao.

Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na ibara yake ya 30 inataja michezo na burudani. Mwaka 2010 tukatunga sheria yetu. Mimi naomba kidogo tu: mwenye bwawa anunue makoti mawili matatu yenye kola, ajenge mteremko wa kuingilia badala ya ngazi peke yake, na kijana wa mlangoni afundishwe kuuliza, "Mama, maji yanakubebaje?" Nitamweleza mwenyewe.